PIKIPIKI ILALAPO WAKATI WA KIPUPWE: SOMO LA MATUNZO KWA WAKAZI WA KIKUYU

Mvua za Dodoma huanza kwa kawaida mwezi Desemba na kukoma mwezi Aprili. Katika miezi hiyo mkazi wa Kikuyu Kaskazini au Kikuyu Kusini mwenye shamba Mpunguzi au Hombolo huipanda pikipiki yake karibu kila siku. Hubeba mbegu, huwapelekea vibarua chakula na hurudi na kuni. Ifikapo Juni, mtama na alizeti vikiwa vimekwisha kuingia nyumbani, safari hupungua. Pikipiki huegeshwa kando ya ukuta na kufunikwa turubai, na tangu hapo hutolewa mara moja moja: kwenda msibani, harusini, au kumsalimu ndugu aliye mbali.

Kisha hufika usiku ambao chombo hicho kinahitajika kwa dhati. Tuchukulie kwamba ni saa nane usiku, mwezi Julai, mtoto amepandwa na homa kali na hakuna bodaboda barabarani. Baba anaivuta pikipiki nje na kubonyeza swichi. Betri haina nguvu. Anapiga kiki mara ishirini. Injini inakohoa na kunyamaza. Pikipiki hiyo haikuharibiwa na barabara mbovu wala na mzigo mkubwa. Imeharibiwa na kukaa.

Hilo ndilo somo letu. Wengi wetu tunaamini kuwa chombo kisichotumika hakichakai. Ukweli ni kwamba pikipiki iliyosimama huchakaa kwa njia yake yenyewe, na uchakavu huo hauonekani mpaka siku ya haja. Baada ya kusoma makala hii, msomaji aweze kueleza ni nini hasa kinachoharibika, kuilaza pikipiki ipasavyo, na kuiamsha bila kuhatarisha maisha yake wala ya jirani zake.

1. Kipupwe chetu si cha Ulaya

Maelekezo mengi ya kutunza pikipiki wakati wa baridi yameandikwa kwa ajili ya nchi zenye theluji, ambako maji huganda na chumvi humwagwa barabarani ili kuyeyusha barafu. Hayo hayatuhusu. Dodoma iko kwenye uwanda wa juu, mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Julai baridi yake hushuka hadi kwenye nyuzi 13 au 14 za Selsiasi, lakini maji hayagandi. Wala hatuna hewa ya chumvi inayokula vyuma kama ilivyo Tanga au Dar es Salaam.

Maadui wetu ni wengine. Wa kwanza ni vumbi, kwa maana tangu Juni hadi Oktoba upepo wa kusini-mashariki huvuma juu ya ardhi iliyokauka na kulipeleka vumbi laini hadi ndani ya makufuli ya milango. Wa pili ni jua la mchana, linalopasua mipira na kuharakisha kuzeeka kwa petroli. Wa tatu ni tofauti kubwa kati ya joto la mchana na baridi ya alfajiri. Wa nne ni wadudu na panya, wanaotafuta mahali pakavu pa kujihifadhi. Mtunzaji mwema huanza kwa kumfahamu adui wa mahali pake.

2. Nini huharibika pikipiki ikisimama

Petroli. Petroli ni mchanganyiko wa vimiminika vingi, vingine vyepesi na vingine vizito. Vile vyepesi, ambavyo ndivyo vinavyorahisisha kuwaka kwa injini iliyo baridi, hutangulia kuruka hewani. Kinachobaki huanza kuganda na kuacha utando unaonata mfano wa ulimbo. Pikipiki nyingi za hapa kwetu, zikiwamo Boxer na TVS za kubebea mizigo, hutumia kabureta. Ndani yake mna bakuli dogo la petroli pamoja na jeti zenye matundu membamba kama ncha ya sindano. Petroli ndogo iliyoachwa katika bakuli hilo kwa mwezi mmoja au miwili yatosha kuyaziba matundu hayo. Ndiyo maana pikipiki yenye tangi lililojaa hukataa kuwaka.

Betri. Betri ya risasi na asidi hupoteza umeme hata isipotumika. Ikiachwa katika hali ya upungufu, fuwele ngumu za salfeti ya risasi hujijenga juu ya bamba zake, na kadiri zinavyokomaa ndivyo zinavyokataa kuyeyuka betri ichajiwapo. Betri ya namna hiyo huonyesha uhai mchana kwenye joto, kisha ikashindwa alfajiri, kwa kuwa baridi hupunguza nguvu ya betri huku ikiifanya oili ya injini kuwa nzito kuzungushwa.

Oili. Oili iliyokwisha kutumika hubeba masizi, unyevu na asidi zitokanazo na uunguaji wa mafuta. Injini ikifanya kazi kila siku, joto huufukuza unyevu huo. Injini ikilala, uchafu hukaa juu ya beringi na vyuma vingine kwa miezi.

Matairi, cheni na nyaya. Tairi hupoteza upepo polepole. Likikaa limebeba uzito wa pikipiki mahali pamoja huku upepo umepungua, hujikunja na kupasuka pembeni. Cheni isiyo na mafuta hushika vumbi na kukakamaa. Nyaya za klachi na breki hukauka ndani ya mipira yake. Ukizibana leo, huenda zisirudi upesi.

3. Kosa lililo kubwa kuliko yote

Wako wenye pikipiki wanaojitahidi sana, na katika kujitahidi huko ndiko wanakoiumiza. Kila asubuhi ya Jumamosi huiwasha pikipiki uani, huiacha ingurume kwa dakika mbili au tatu, kisha huizima na kuifunika wakiamini wameitunza.

Tutazame kinachotokea. Petroli inapoungua hutoa, pamoja na moshi, mvuke wa maji. Injini iliyo baridi huugeuza mvuke huo kuwa matone ndani ya bomba la moshi na ndani ya injini yenyewe. Kwa kuwa injini haikupata joto la kutosha, matone hayo hayakauki. Huchanganyika na oili, na bomba huanza kuoza kwa ndani. Choki nayo imemimina petroli ya ziada, ambayo sehemu yake huteremka kwenye oili na kuifanya nyepesi. Zaidi ya hayo, swichi imekula umeme mwingi wa betri, na dakika mbili hazitoshi kuurudisha. Mwenye pikipiki ameongeza madhara manne akidhani ametoa dawa.

Kanuni ya somo hili ni hii: ama iendeshwe kweli, ama ilazwe kweli. Kuiendesha kweli ni kuitoa barabarani angalau mara moja kila baada ya wiki mbili, kwa dakika 20 hadi 30 za mwendo, hadi injini ipate joto kamili na gia zote zitumike. Kuilaza kweli ni kuiandaa kwa utaratibu ufuatao na kutoiwasha tena hadi siku ya kuamshwa.

Ikiwa pikipiki yako ndiyo tegemeo la familia wakati wa dharura, chagua njia ya kwanza. Ikiwa ni ya shamba tu, au unasafiri kwa miezi kadhaa, chagua ya pili.

4. Utaratibu wa kuilaza

Kazi hii yaweza kukamilika kwa nusu siku. Zana ni chache: spana za kawaida, brashi, kitambaa, mafuta ya taa kidogo, oili mpya na pampu.

Kwanza, ioshe pikipiki na uikaushe. Usielekeze maji ya nguvu kwenye kabureta, kwenye beringi za magurudumu wala kwenye swichi. Tope la mashambani lililoganda chini ya madigadi litolewe lote, kwa sababu huhifadhi unyevu.

Pili, badilisha oili kabla ya kulaza, si baada ya kuamsha. Iendeshe kwanza hadi ipate joto ili uchafu uelee ndani ya oili, ndipo uimwage. Tia oili mpya ya aina iliyotajwa katika kitabu cha pikipiki yako. Oili ya zamani usiimwage mferejini wala uani, kwa kuwa hupenya ardhini na kuharibu maji. Iweke kwenye dumu lenye kifuniko na uipeleke kwenye gereji inayoikusanya.

Tatu, shughulikia petroli. Kwa pikipiki ya kabureta, funga koki, washa injini mahali pa wazi, na uiache ingurume mpaka izimike yenyewe. Hapo bakuli la kabureta limekauka na jeti zimesalimika. Kwa pikipiki isiyo na koki, hasa zile mpya zenye mfumo wa kupuliza mafuta kwa kompyuta, usijaribu kuikausha. Pampu yake hupozwa na petroli hiyo hiyo. Kwa hizo ni vyema kufuata njia ya kuiendesha kila baada ya wiki mbili.

Nne, iondoe betri. Fungua kwanza waya wa hasi, kisha wa chanya. Wakati wa kuirudisha, anza na chanya na umalizie na hasi. Mpangilio huu huzuia cheche iwapo spana itagusa fremu. Betri ihifadhiwe mahali pakavu penye kivuli, mbali na watoto, na ichajiwe kila mwezi. Ukiwa na kipimo, pima baada ya betri kupumzika saa kadhaa: volti 12.6 au zaidi ni afya njema, volti 12.4 ni dalili ya kuhitaji chaji. Chini ya volti 12 ni hatari. Chaji yake iwe ndogo, takriban sehemu moja ya kumi ya uwezo wake. Betri ya ampea-saa 5, kwa mfano, huchajiwa kwa ampea 0.5. Chaja kubwa ya betri za magari huichemsha na kuiua. Kwa betri ya kujazwa maji, ongeza maji safi ya betri peke yake hadi kwenye alama. Usiongeze asidi, na usitumie maji ya bomba.

Tano, safisha cheni kwa brashi na mafuta ya taa, ifute, kisha ipake oili nzito ya gia huku ukizungusha gurudumu. Oili chafu iliyotolewa kwenye injini isitumike, kwa kuwa ina chembe za vyuma. Nyaya za klachi na breki zidondoshewe oili nyepesi kwenye ncha ya juu.

Sita, jaza upepo kwa kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji, kisha isimamishe kwa stendi ya kati. Kila wiki zungusha gurudumu la nyuma robo mzunguko, na la mbele usogeze kidogo lisikae mahali pamoja.

Saba, ziba mdomo wa bomba la moshi kwa kitambaa ili nyigu wasijenge humo wala panya wasiingie. Kitambaa kiwe chekundu, na kipande kingine cha rangi hiyo kifungwe kwenye usukani, ili atakayeiwasha akumbuke kukitoa.

Nane, ifunike kwa shuka kuukuu au turubai la pamba, kivulini. Plastiki hufungia joto na unyevu. Alfajiri utakuta matone kwa ndani hata katika ukavu wa Dodoma.

5. Pikipiki na nyumba ya kulala

Kwa hofu ya wezi, kaya nyingi huingiza pikipiki sebuleni kila usiku. Hofu hiyo ina sababu, lakini desturi hiyo ina hatari mbili ambazo kila mwenye nyumba apaswa kuzifahamu.

Hatari ya kwanza ni moto. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni hadi ulikutane jiko la mkaa, mshumaa au kibatari kilicho chumba cha pili. Wakati wa kipupwe majiko huingizwa ndani kwa ajili ya joto, na hapo ndipo hatari huongezeka. Ukilazimika kuilaza ndani, funga koki, hakikisha hakuna tone linalodondoka kwenye kabureta wala kwenye mpira wa mafuta, acha injini ipoe nje kwanza, fungua dirisha, na usiruhusu moto wa namna yoyote chumbani humo. Isizuie mlango ambao familia itautumia kukimbilia nje. Akiba ya petroli katika chupa au dumu isiwekwe kabisa ndani ya nyumba. Moto ukitokea, toka kwanza, kisha piga simu ya bure namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Hatari ya pili haina rangi wala harufu. Injini inapounguruma hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo huingia katika damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Chumba kilichofungwa kwa ajili ya baridi hujaa gesi hiyo kwa muda mfupi. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi. Aliyelala huweza asiamke. Jiko la mkaa hutoa gesi hiyo hiyo. Kwa sababu hiyo pikipiki isiwashwe ndani ya nyumba hata kwa dakika moja, hata mlango ukiwa wazi. Isukumwe nje, ndipo iwashwe.

6. Utaratibu wa kuiamsha

Siku ya kuamsha isiwe siku ya safari. Ifanye siku moja au mbili kabla, mchana, ukiwa na nafasi.

Toa kitambaa katika bomba. Kagua nyaya za umeme kama zimetafunwa na panya. Fungua chujio la hewa: la sifongo huoshwa kwa maji ya sabuni, hukaushwa kivulini, hupakwa oili kidogo na kukamuliwa, la karatasi hupulizwa kutoka ndani kwenda nje, na likiwa limeziba hubadilishwa. Vumbi la kipupwe likipita hapo huifanya oili kuwa msasa, na pistoni hulika.

Petroli iliyokaa zaidi ya miezi mitatu, au yenye harufu ya rangi ya kupaka, itolewe na kuwekwa mpya. Rudisha betri. Pima upepo asubuhi kabla matairi hayajapata joto, na ukague mipasuko ya pembeni. Tairi lililopasuka hadi nyuzi kuonekana halina dawa ila kubadilishwa.

Kabla ya kuwasha, piga kiki mara nne au tano swichi ikiwa imezimwa, ili oili ipande kwenye vyuma vilivyokauka. Kisha fungua koki, subiri dakika moja bakuli lijae, vuta choki, uwashe. Usivute mafuta kwa nguvu; iache ingurume taratibu kwa dakika moja hivi, kisha uanze safari fupi kwa mwendo wa pole.

Breki zijaribiwe kwa mwendo wa mtu atembeaye, mbele peke yake, kisha nyuma peke yake, kabla hujaingia barabarani. Breki iliyolala huweza kuteleza au kung'ang'ania. Taa zote, honi na viashiria vikaguliwe pia. Kagua vilevile kofia ngumu: kamba na kifungo chake viwe imara.

Hatimaye, tazama karatasi. Bima ya mwaka haisimami kwa sababu pikipiki imesimama, wala leseni ya dereva haingoji kipupwe kiishe. Wako waliotunza injini kwa uangalifu wote wakasahau kuwa bima yao ilikwisha mwezi Agosti. Ajali ikitokea siku hiyo, hasara yote humwangukia mwenye chombo.

7. Pikipiki za kazi ya umma

Somo hili lahusu pia vyombo vya umma. Mwezi Aprili 2022 Serikali ilizindua hapa Dodoma ugawaji wa maelfu ya pikipiki kwa maafisa ugani wa kilimo nchini. Chombo cha namna hiyo hutumika sana msimu wa kilimo, na baada ya mavuno huweza kupumzika. Mtumishi aliyekabidhiwa, anapokwenda likizo, yafaa ama amwachie mwenzake aliyeidhinishwa kukiendesha, ama akilaze kwa utaratibu huu na kuandika tarehe katika daftari la chombo. Mkulima anayemsubiri afisa huyo mwezi Novemba ndiye atakayelipa gharama ya jeti iliyoziba.

8. Maswali ya kujipima

Jaribu kujibu kabla ya kusoma majibu.

(a) Kwa nini kuwasha pikipiki kwa dakika mbili kila wiki si matunzo?
(b) Ni waya upi wa betri hufunguliwa kwanza?
(c) Jirani yako amejaza tangi, ameacha koki wazi, na pikipiki yake inalala karibu na jiko la mkaa. Utamshauri nini?

Majibu. (a) Injini haipati joto la kukausha unyevu, oili huchafuka, na betri hutoa umeme mwingi kuliko inaorudishiwa. (b) Waya wa hasi; na ndio wa mwisho kurudishwa. (c) Afunge koki, akaushe kabureta, atenganishe pikipiki na moto usiku huo huo, na afungue dirisha. Usingoje kesho kumwambia.

Ndugu mkazi, bandua ukurasa huu na kuuweka mahali pikipiki inapolala. Andika juu yake tarehe uliyoilaza, tarehe ya kuchaji betri na tarehe ya mwisho wa bima. Usiku wa haja ukifika, utaisukuma nje, utapiga kiki mara moja au mbili, na mtoto atafikishwa kwa mganga.